Salfa juu, mchanga chini: kisa cha Naliendele

Ukipita Tandahimba au Newala, kusini mwa Tanzania, alfajiri yoyote kati ya Juni na Agosti, utasikia mashine za kupulizia zikinguruma mashambani na kuona vumbi la njano likipanda juu ya mikorosho. Hiyo ni salfa. Mkulima wa kusini hahitaji kuelezwa kazi yake: shamba lisipopulizwa, ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua, na maua yakishaliwa hakuna korosho. Kisa ninachokichambua kinaanzia kwenye vumbi hilo, ila hakibaki juu ya mti. Kinashuka hadi kwenye mchanga, pale watu wanapopanda muhogo, karanga, mbaazi na njugu mawe.

Wahusika wakuu ni kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali kilichopo Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, pamoja na vyuo vikuu vilivyofanya nacho kazi kwa zaidi ya miaka thelathini: vya Uingereza, cha Leuven nchini Ubelgiji, na baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ushirikiano wa namna hii husifiwa sana kwenye hotuba na kulaumiwa sana vijiweni, na pande zote mbili zina haki yake. Ninavyoona mimi, ulilijibu kwa ustadi lile swali ambalo jibu lake lilionekana ndani ya msimu mmoja, yaani namna ya kuokoa maua. Lile lililohitaji miaka ishirini, yaani salfa inaufanya nini udongo, ulilianza vizuri, ukaliacha njiani. Na wataalamu hawakuwa wavivu. Tatizo lilikuwa jinsi kazi yenyewe ilivyofadhiliwa.

Zao lililoanguka

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi, sehemu kubwa ikitoka mikoa ya kusini. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Mwenye kumbukumbu ya miaka hiyo atakwambia maisha yalivyobadilika: korosho ndiyo iliyokuwa inaezeka nyumba na kulipa mahari, na ghafla watu wakawa wanakata mikorosho kuchoma mkaa.

Wachumi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutafuta chanzo. Frank Ellis, akiwa kwenye ofisi ya utafiti wa uchumi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilichunguza anguko hilo mwishoni mwa miaka ya 1970. Maelezo yaliyozoeleka tangu wakati huo ni mawili: kuhamishiwa kwenye vijiji vipya katikati ya miaka ya 1970, na bei ndogo aliyolipwa mkulima. Familia zilihama, mikorosho ikabaki kwenye mahame. Nani atembee kutwa nzima kwenda kupalilia mti ambao korosho zake zinanunuliwa kwa bei isiyolipa hata jembe?

Kisha, mwaka 1979, wataalamu wa magonjwa ya mimea wakaja na maelezo yao. Mikorosho ilikuwa na ubwiriunga, ugonjwa unaoletwa na kuvu iitwayo Oidium anacardii. Majani machanga na mashada ya maua yalifunikwa na unga mweupe, yakasinyaa, yakakauka.

Basi ikawa kila upande na chake. Ukimsoma mchumi, korosho ilikufa kwa sababu ya siasa ya vijiji na bei. Ukimsoma mtaalamu wa magonjwa, ilikufa kwa sababu ya kuvu. Kwangu mimi ni habari moja iliyosimuliwa nusu nusu, na kiungo chake kilipatikana miaka mingi baadaye, tena na mtafiti wa Naliendele. S. H. Shomari na R. Kennedy walichapisha mwaka 1999 utafiti kuhusu mahali kuvu hiyo inapojificha wakati mikorosho haina maua. Iko kwenye machipukizi laini yanayoota ndani ya mti, penye kivuli. Kuvu ya ubwiriunga haiwezi kuishi kwenye kitu kilichokufa. Inataka jani hai, tena changa. Mkorosho uliopogolewa unaipa nafasi ndogo. Mkorosho wa mahame, usioguswa na panga miaka mitano, matawi yameingiliana na ya jirani yake, unaihifadhi mwaka mzima mpaka maua yatoke. Kwa hiyo kuhamisha watu kulifanya zaidi ya kupunguza nguvu kazi. Kuliuandalia ugonjwa makazi.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu ndilo linaloonyesha faida ya kuwa na kituo cha kudumu. Mchumi alimaliza kazi yake akaondoka. Mtaalamu wa kwanza wa magonjwa alitambua kuvu, naye akaondoka. Aliyebaki na mikorosho ileile mpaka akaviunganisha ni Naliendele.

Jibu la msimu mmoja

Magonjwa mengi ya kuvu yanataka majani yaloane ndipo yashambulie. Ubwiriunga hauna haja na mvua. Hali inayoupendeza ni ile ya kiangazi cha kusini: usiku wa baridi, asubuhi yenye unyevu hewani, halafu upepo wa kupeperusha mbegu zake kutoka mti hadi mti. Na huo ndio wakati ambao mkorosho unachanua. Shamba lisilotibiwa, mahali ambapo ugonjwa ni mkali, linaweza kupoteza asilimia 70 ya mavuno, au yote.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Uingereza kupitia shirika lake la misaada, na Benki ya Dunia kupitia mradi wa mazao ya miti, zilitia fedha kwenye utafiti wa korosho Naliendele. Vyuo vikuu viliingia hapo. Mtaalamu wa magonjwa wa kituo, M. E. R. Sijaona, alifanya kazi na J. W. Mansfield wa Wye College, chuo kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha London. Pamoja na wenzao walilinganisha jinsi ubwiriunga unavyoendelea kwenye majani, miche na mashada ya maua ya mikorosho ya aina tofauti. Wengine walikwenda kwenye udongo, wengine kwenye wadudu, wengine kwenye uzalishaji wa miche bora. Makala iliyochapishwa mwaka 1997 kwenye jarida la Crop Protection ina waandishi kumi na wanane, na ukiyapitia majina yao utaona wengi ni Watanzania. Februari mwaka huohuo Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa korosho na minazi.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa hivi: chuo kilikuwa na maabara, msimamizi na shahada, Naliendele ilikuwa na miti, mashamba ya majaribio na wakulima wa kuwauliza. Mtafiti wa kituo alikwenda kusomea shahada ya uzamivu huku swali lake na mashamba yake vikibaki Mtwara. Mambo madogo, lakini yana uzito. Mwanafunzi wa ng'ambo anayekuja kwa miezi sita huchagua swali linaloisha ndani ya miezi sita. Huyu wetu alikuwa anarudi kazini kwenye shamba lilelile, kwa mabosi walewale, na wakulima walewale wakimsubiri getini.

Kilichotoka ni ushauri ambao bwana shamba angeweza kuueleza chini ya mti. Gramu 250 za salfa ya unga kwa mti kwa mzunguko mmoja, mizunguko kama mitano, kila baada ya siku 14, kuanzia mashada yanapojitokeza. Kupuliza kufanywe alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungalipo, maana umande ndio unaoshika vumbi lisipotee hewani. Pamoja na hayo, shamba lisafishwe, matawi yapogolewe, machipukizi ya ndani yaondolewe, miti iliyobanana ipunguzwe.

Zilijaribiwa pia dawa za maji, kama wenyewe tunavyoziita: triadimenoli, heksakonazoli na ndugu zao. Zinatibu vizuri, na kiasi chake ni kidogo mno kikilinganishwa na salfa. Ila mtu aliyebuni dawa ya kuchanganywa na maji hakuwahi kuishi Newala mwezi wa Agosti. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito. Kwa vizazi na vizazi watu waliteremka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Dawa ya maji inataka lita moja na zaidi kwa mti. Mwenye miti mia mbili apeleke shambani mapipa mangapi, wakati nyumbani hakuna ya kupikia? Salfa haihitaji hata tone. Ndiyo maana vumbi lilishinda, na bado lina nguvu hata huku dawa za maji zikiwa zimeenea.

Mavuno yalipanda. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa imerudi juu ya tani 100,000. Si haki kuipa salfa sifa zote, kwa sababu miaka hiyohiyo biashara ya korosho ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi na bei ikawapa watu sababu ya kurudi kwenye mahame yao na panga mkononi. Lakini bei nzuri bila maua haivunwi. Kwa kipimo chochote kile, ushirikiano ulifanya kazi uliyopewa.

Hesabu isiyoandikwa kwenye mfuko

Sasa tufanye hesabu ya pili, ambayo mfuko wa kilo 25 hauielezi.

Gramu 250 mara mizunguko mitano ni kilo moja na robo kwa mti kwa msimu. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, kama inavyoshauriwa, inakuwa miti 69 kwa hekta, au 28 hivi kwa ekari. Hiyo ni kilo 35 za salfa kwa ekari kila mwaka, sawa na mfuko mmoja na karibu nusu. Zidisha kwa miaka ishirini: kilo 700 kwa ekari.

Salfa haipotei. Inayobaki juu ya majani huanguka pamoja nayo, na inayokosa majani huanguka moja kwa moja. Ikifika kwenye udongo wenye unyevu, bakteria huigeuza kuwa tindikali ya salfa. Kemia yake ni ya darasani: kila kilo moja ya salfa ikigeuka yote, kuituliza kunahitaji kilo tatu na kidogo za chokaa. Kilo 35 za ekari moja kwa mwaka mmoja zinadai zaidi ya kilo 100 za chokaa. Miaka ishirini inadai tani mbili na zaidi.

Hesabu hii ni ya juu, nakubali. Wakulima wengi hawapulizi mizunguko yote, ama fedha haikutosha ama mashine ya kukodi ilichelewa. Sehemu ya vumbi inapeperuka kwa jirani, ambaye anapata tiba ya bure na tindikali ya bure. Sehemu nyingine huoshwa na mvua za masika kwenda chini kabisa. Tena kuna upande mzuri: salfa ni kirutubisho, na udongo uliochoka mara nyingi una upungufu wake, kwa hiyo miaka ya mwanzo mazao ya chini yanaweza hata kunawiri. Ukimwuliza mkulima mwaka wa tatu kama salfa inaharibu shamba, atakujibu hapana, na atakuwa anasema kweli ya macho yake.

Lakini udongo gani huu unaoongezewa tindikali? Sehemu kubwa ya ardhi ya korosho ni kichanga. Udongo wa mfinyanzi, au wenye mboji nyingi, unaweza kupokea tindikali kwa muda mrefu bila kubadilika sana. Mchanga una akiba ndogo. Kipimo cha pH, ambacho hushuka tindikali ikizidi, kikifika chini ya 5.5 au hapo karibu, alumini iliyofungwa kwenye udongo huanza kuyeyuka na kuumiza mizizi, huku kalsiamu na magnesiamu zikiendelea kuoshwa.

Mkorosho wenyewe unavumilia. Muhogo pia ni mvumilivu. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi na tatizo hili muda mrefu bila kulijua: mazao mawili makubwa kuliko yote shambani kwake ni yale yasiyolalamika. Wa kulalamika ni jamii ya kunde. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya kunde na kuipa naitrojeni hudhoofika kwenye tindikali. Karanga ina shida ya ziada, kwa sababu ganda lake linachota kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo linamokomaa. Kalsiamu ikipungua, mtu anang'oa shina zuri la kijani lenye maganda matupu. Naliendele ndiyo pia inayosimamia utafiti wa karanga na ufuta nchini. Aina ya karanga iitwayo Pendo, iliyotolewa mwaka 1998, ni kazi yake. Kwa maneno mengine, kituo kimoja kilikuwa kinashauri salfa juu ya mti na karanga chini yake. Nani kwenye jedwali la mradi aliandikiwa kuyatazama yote mawili kwa pamoja?

Walioliona swali

Waliliona. Hapa ndipo wanaodai kuwa wataalamu walikuwa wamelala wanakosea. Amos Majule, akiwa na wenzake wa Naliendele na Chuo Kikuu cha Reading, alipima udongo, majani yaliyoanguka na majani ya mti kwenye mikorosho inayopulizwa salfa, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1997, salfa ikiwa bado ni jambo la miaka michache. Mwaka 2003 E. L. Ngatunga wa Naliendele, pamoja na Stefaan Dondeyne na Jozef Deckers wa Chuo Kikuu cha Leuven, wakachapisha utafiti ambao kichwa chake kilikuwa ndilo swali lenyewe: je, salfa inaongeza tindikali kwenye udongo wa korosho wa kusini mashariki mwa Tanzania? Mwelekeo wa kazi zote mbili ni mmoja. Udongo wa juu unaathirika, na wa kichanga ndio ulio hatarini zaidi.

Halafu? Salfa iliendelea, na kwa kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 2017 serikali iliigawa bure, na msimu wa 2017/18 mavuno yakapita tani 300,000. Miaka ya karibuni pembejeo za ruzuku zimeendelea kutolewa, na msimu wa 2024/25 ukavunja rekodi kwa zaidi ya tani 500,000. Simlaumu aliyegawa. Waziri yeyote mwenye akili, akiwekewa mezani mavuno ya mwaka huu na pH ya mwaka 2035, atachagua mavuno, na mkulima mwenyewe angemchagulia hivyohivyo. Kilichokosekana ni mtu wa kurudi kwenye mashamba yaleyale kila baada ya miaka michache na kipimo mkononi, ili siku moja waziri awekewe mezani vyote viwili kwa namba.

Mbona hakuna? Tazama kila upande unalipwa kwa kitu gani. Chuo cha ng'ambo kinalipwa kwa makala na shahada. Makala ikishatoka, kurudi kupima shamba lilelile mara ya nne hakumpi mtu shahada mpya. Mfadhili anahesabu kwa awamu ya mradi, miaka mitatu mpaka mitano, na mwishoni anataka kuona mavuno yamepanda. Kituo cha serikali ndicho pekee chenye sababu ya kubaki, ila bajeti yake ya kawaida inatosha mishahara na mafuta kidogo. Tindikali ya udongo inapanda polepole kuliko kalenda ya yeyote kati yao.

Kulikuwa na chanzo kimoja cha fedha kilichofanana na tatizo hili kwa umbo, nacho ni ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Kwa miaka kadhaa asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye tasnia ya korosho, na utafiti ulikuwa na fungu lake humo. Korosho ilikuwa inalipia utafiti wa korosho, mwaka baada ya mwaka, bila kungoja mfadhili. Juni 2018 Bunge likabadili utaratibu na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa serikali, baada ya mabishano ambayo wabunge wa kusini hawakuyaficha. Mengi yamesemwa kuhusu uamuzi huo na mavuno ya misimu iliyofuata, sitayarudia. Langu ni dogo: fedha inayopitia kapu moja na madaraja na mishahara haiwezi kuahidi kupima udongo wa Nanyamba kwa miaka ishirini mfululizo. Huenda ikapima mwaka huu. Mwakani ni mambo ya mwakani.

Mnyauko

Wakati swali la udongo limelala, ukaja ugonjwa unaotoka udongoni. Mwaka 2012, huko Mkuranga mkoani Pwani, ilionekana mikorosho inanyauka na kufa, mti mzima, majani yakibadilika rangi upande mmoja kwanza. Ni mnyauko fuzari, unaoletwa na kuvu Fusarium oxysporum inayoishi kwenye udongo na kuziba njia za maji ndani ya mti. Ubwiriunga unakunyang'anya msimu; huu unakunyang'anya mkorosho.

Safari hii mshirika hakutoka London. Watafiti wa Naliendele walifanya kazi hii na Donatha Tibuhwa, mtaalamu wa mikrobiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakachapisha mwaka 2020 kuhusu sifa za kuvu hiyo na dawa za kuidhibiti. Nafurahi kuona mtaalamu wa chuo chetu na kituo chetu wanaweza kulichukua tatizo kutoka shambani mpaka kwenye jarida bila mtu kupanda ndege. Na hata kwenye timu za zamani mbegu zilishapandwa: Majule yuleyule wa Reading alikuja kuwa profesa kwenye taasisi ya tathmini ya rasilimali ya chuo hichohicho cha Dar es Salaam.

Sasa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya watu. Wanaoshughulika na minyauko ya fuzari kwenye mazao mengine, migomba na nyanya kwa mfano, wanajua kuwa mara nyingi ugonjwa huwa mkali zaidi kwenye udongo wa kichanga wenye tindikali, na kwamba chokaa huupunguza makali. Sidai kwamba salfa imeleta mnyauko wa mikorosho. Kuvu na mazingira yake ni vitu viwili, na Pwani si Tandahimba. Ninachosema ni kwamba mtafiti wa mnyauko angekuwa leo na mfululizo wa vipimo vya tindikali kutoka mashamba ya Mtwara na Lindi tangu 1997, angelijibu swali hilo kwa wiki chache mezani. Hana, kwa hiyo atalazimika kuanza upya, kwa fedha mpya, kwa mradi mpya wa miaka mitatu.

Chuo kinahamia kwa jirani

Kuna kitu kinabadilika. Chini ya mradi wa elimu ya juu unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioanza mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi, na kilimo ndicho shabaha yake. Kwa mara ya kwanza kutakuwa na chuo kikuu cha umma ambacho wanafunzi wake wanaweza kwenda Naliendele asubuhi na kurudi jioni. Ukaribu huo una maana kwa swali la polepole kuliko kwa swali la haraka: kwenda Nachingwea kuchota mchanga si safari tena, ni kazi ya vitendo ya darasa la mwaka wa pili.

Kikwazo kinachonitia wasiwasi ni cha kiofisi. Naliendele iko chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na iliyo chini ya wizara ya kilimo. Chuo kiko chini ya wizara ya elimu. Katikati yao ipo COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, yenye fungu la ruzuku za utafiti zinazoshindaniwa. Mashindano yanapenda wazo jipya. Kupima pH ya shamba lilelile si wazo jipya hata kidogo. Mwalimu wa chuo anapandishwa daraja kwa makala, mtafiti wa kituo anapimwa kwa teknolojia alizotoa. Kazi hii haimpandishi yeyote. Isipoandikwa kwenye majukumu ya mtu kwa jina la cheo chake, itabaki mapendekezo ya ukurasa wa mwisho wa ripoti.

Kazi yenyewe ni ya bei nafuu. Wakulima wa korosho wamesajiliwa pamoja na idadi ya miti yao ili wapate pembejeo, na vyama vya msingi vya ushirika vinajua nani alichukua mifuko mingapi. Huo ni msingi ambao watu wa Reading na Leuven hawakuwa nao. Yachaguliwe mashamba yaliyopulizwa miaka mingi na yaliyopulizwa miaka michache, kwenye uwanda wa juu na kwenye tambarare za Masasi, Nachingwea na Ruangwa. Udongo uchotwe chini ya mti na nje ya kivuli chake, kwa kina cha sentimita 20 na cha 40, kabla msimu wa kupuliza haujaanza. Zipimwe pH, alumini na kalsiamu. Pembeni papandwe mistari ya karanga, mmoja mtupu, mwingine wenye chokaa, mwingine wenye jasi, madini yenye kalsiamu. Malighafi hatuagizi Ulaya: pwani yetu ina mawe mengi ya chokaa, waliojenga Kilwa Kisiwani waliyachoma kwa ajili ya kuta zao, kiwanda cha Dangote kule Msijute kinayasaga kuwa saruji, na jasi inachimbwa Makangaga, Kilwa. Ambacho hakijafanyika ni kujua ni kilo ngapi zinamlipa mkulima wa Tandahimba na zipi ni hasara, baada ya kuhesabu na nauli ya lori kupanda mlima.

Hata hivyo sampuli mpya zisiwe za kwanza. Kuanze kwa kutafuta vipimo vya miaka ya 1990 na orodha ya mashamba yalikochukuliwa, viwe kwenye makabati ya Naliendele au kwenye hifadhi za Reading na Leuven, kwa sababu makala huchapisha wastani tu, na mtu anayetaka kurudi chini ya mti uleule anahitaji jina la kijiji na namba ya shamba. Waliozikusanya wengine bado wanafundisha, wengine wamestaafu. Mkataba wa kampasi ya Lindi na TARI, utakapoandikwa, uweke wazi takwimu hizo zitakaa wapi, kwa dhamana ya ofisi gani, na fedha za kuchota mchanga mwaka wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili zitatoka fungu lipi.